Wifi Yako Hahesabu Watoto

Zuzu, Dodoma

Shikamoo Mama,

Wifi yako hajambo, ila kustaafu hajui ni kitu gani. Ulinituma nimrudishe Tanga. Nimemkuta chini ya turubai, vumbi hadi kwenye nyusi, anafundisha watoto wa wafugaji wanaohamahama.

Nami kwa kiherehere changu nikaanza kuwahesabu wanafunzi kwa kidole: mmoja, wawili, watatu. Mama mmoja akanichapa kidole kwa fimbo ya ng'ombe! Kwao hawahesabu ng'ombe wala watoto. Ni kuita balaa. Shangazi akacheka hadi chaki ikamdondoka.

"Hapa tunawatazama tu, mwanangu. Asiyekuwepo anaonekana."

Akawatazama mara moja, akajua msichana mmoja mwenye pengo la meno hayupo: wazazi wake wamehama na mifugo alfajiri. Basi akadandia bodaboda, ubao mdogo mgongoni, kuwafuata. Mimi akaniachia darasa, eti dakika chache tu.

Hiyo ilikuwa juzi. Nimeshafika herufi ya M, na wameanza kuniamkia "Shikamoo, Mwalimu."

Pilau la Idi ukipakua, Mama yangu mpenzi, usituhesabu.

Mwanao mwenye kidole kilichovimba,
Zubeda