Jiwe Chini ya Ndizi Mbichi

Mdogo wangu mpendwa Momanyi,

Kwa heshima kuu na unyenyekevu usio na mfano, nakutangazia kwamba kaka yako amechaguliwa, bila kupingwa, kuwa Mtunza Sufuria wa chama chetu cha wanaume wa kanisa. Mpinzani wangu alikuwa amesinzia. Usicheke. Sufuria yenyewe unaijua: wewe haikukushinda kuinua, mimi inanishinda kuipita bila kuonja.

Kwa hiyo mwaka huu niliipandisha mimi hadi kwenye magofu ya watawa, kule juu ya Kebirigo. Unakumbuka ulivyonitania kwenye kile kilima? "Kaka, tumbo litangulie, wewe utafuata!" Kisha unanipokonya mzigo unapanda nao ukipiga mluzi. Kanisa lao bado halina paa. Michai ya jirani inakaribia altare, na ukuta umezidi kuporomoka. Ni pale pale tunaposomewa majina ya wenzetu waliofariki. Kila jina likitajwa, mtu wa nyumba yake anajibu, "Amepumzika," na kuweka jiwe juu ya ukuta. Ulikuwa ukininong'oneza, "Siku moja wafu watatumalizia kazi ya ujenzi."

Tangu uende kazini ng'ambo na simu yako ikanyamaza, baba zetu wadogo wamemsihi Mama akubali tuzike mgomba, kama anavyofanyiwa mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Jibu lake ni moja: "Mimi sikuzaa mgomba." Kila jioni anakupakulia sahani na kuifunika. Asubuhi anawapa kuku. Wamenenepa kuliko mimi, na hilo si jambo dogo.

Kwa sababu Mama alikuwa anakuja na akina mama wapishi, nilimwomba mwenyekiti asilitaje jina lako. "Sawa, Bwana Sufuria," akasema. Nikatulia. Hata kikapu cha Mama nilimbebea, nikilalamika njia nzima kwamba ndizi zetu zimekuwa nzito ajabu. "Ni za kushibisha," akanijibu.

Huku nyumbani wanasimulia kwamba jina lako liliposomwa, Mama alizirai. Ikikufikia habari hiyo huko uliko, usiiamini. Mimi nilikuwepo.

Mwenyekiti alisoma, akaliruka jina lako, akavua miwani. Mama akasimama pale kwenye mafiga, mikono imejaa utomvu wa ndizi.

"Mwenyekiti, umemruka wangu."

"Mama, tulionelea labda—"

"Msome."

Akakusoma. Wote wakanigeukia mimi, mwanamume wa nyumba. Mimi niongeaye hata usingizini, nikainama kufunga kamba ya kiatu.

Mama akainamia kikapu, akaingiza mkono chini ya ndizi, akatoa jiwe. Nililijua mara moja. Ni lile la pembeni mwa mlango, kwenye msingi wa nyumba yako uliyoiacha bila kuta, lile ulilolichonga mwenyewe ukajikata kidole gumba. Nilikuwa nimelibeba tangu asubuhi.

"Amepumzika," akasema. Akaliweka ukutani, akalisogeza kidogo likae vizuri. Hakulia. Aliniuliza kama sufuria imeoshwa.

Kama uko hai, jiwe lako liko kule magofuni, upande wa kushoto wa mlango wa kanisa, chini ya dirisha lililovunjika. Njoo ulitoe mwenyewe. Hakuna atakayekukasirikia.

Jioni alipakua kama siku zote, ugali na mboga za chinsaga. Akakuwekea yako. Nikasubiri aifunike. Hakuifunika. Aliisukuma mbele yangu.

"Kula, itapoa."

Unanijua, sijawahi kukataa chakula. Momanyi, nilitaka kukataa. Lakini alikuwa ananitazama, naye hakuondoa macho mpaka nikamaliza.

Ni mimi,
kaka yako