Jina Langu Haliendi Kazini Peke Yake

Laurencia, natoka sasa hivi kwenye ile loji ya Karatu nilikoenda kuomba kazi.

Si unajua serikali inatoa ruzuku kwa wanaoajiri vijana wenye ulemavu? Meneja kaona magongo yangu tu, akasema, "Pole." Pole ya nini, nimefiwa?

Halafu eti, "Evelyn, we baki tu nyumbani Mang'ola. Tutakuandika mfanyakazi, jina lako linatosha."

LINATOSHA! Jina lipate kazi, wao wale ruzuku, mimi niendelee kuchambua vitunguu!

Nikamwambia, "Bosi, jina langu haliendi kazini bila mimi." Akacheka. Mimi huyo, nikakaa kiti cha mapokezi. Wageni walivyoingia, nikawakaribisha kwa Kiingereza kabla hajafungua mdomo.

Si kasema wataniandika mfanyakazi? Basi Jumatatu naripoti. Akinikuta pale mapokezi, pole nitampa mimi.