Farasi na Posa

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu za Mungu zikufikie huko Dodoma. Hapa Bellevue, huku ugenini kusini, tu wazima. Babu yako anakohoa lakini bado anabishana. Unauliza kwa nini jarida la sataranji la Kifaransa nimeliweka pamoja na picha ya harusi.

Jirani Mkongo alimpa baba yangu jarida hilo. Kifaransa hakujua, ila michoro ya ubao aliielewa. Ukurasa wa mwisho una fumbo, na jibu hutoka toleo lijalo. Siku baba alipolipanga fumbo hilo ubaoni, mshenga wa babu yako akaleta posa. Akaliona fumbo, akavua koti. Chai ikapoa, posa haijatajwa.

"Tungoje jibu mwezi ujao," akasema baba.

Mwezi mzima? Binti anayeposwa hasemi mbele ya mshenga, lakini nilitoka na birika, nikasogeza farasi. "Baba, mfalme hana pa kwenda. Na mgeni ana neno."

Baba akautazama ubao, kisha mimi. "Eish," akashangaa kwa neno la huku. "Haya, mshenga, sema."

Toleo lililofuata lilitukuta tumeshaoana. Jibu lilikuwa malkia, wala si farasi. Nikamwuliza baba kama siku ile hakuliona kosa.

"Niliona," akasema. "Mshenga ndiye hakuona, nami sikutaka kumsumbua."

Mungu akulinde, mama.

Bibi yako