Mama Mdogo, Ule Mguu Haukukanyaga Dawa

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Najua pengine hutaitikia hata ukimaliza kusoma, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia. Bahasha hii sikuibandika, na nimefanya makusudi. Anayekuletea aisome njiani akitaka. Maneno haya, isipokuwa ya mwisho niliyoongeza baadaye, nimeyasoma mwenyewe Jumapili mbele ya jumuiya yetu hapa Mgori, watu wote wakisikia, na wale waliokuwepo siku ile walikuwepo pia. Ulisingiziwa hadharani, basi usafishwe hadharani.

Habari kubwa ni hii: Mama anatembea! Dada yako huyo uliyemwacha akishika ukuta kwenda chooni, juzi amekwenda mnadani kwa miguu na kurudi, na njiani akaniacha nyuma. Nikamwita, "Mama, nisubiri basi!" Akageuka akaniambia, "Tembea wewe, umekula wali wa mjini mpaka umekuwa gunia." Nilicheka mpaka nikakaa chini kando ya njia. Moyoni nikasema, laiti Mama Mdogo angeona.

Maana wewe ndiye uliyekuwa ukimjua akiwa na miguu yake. Unakumbuka tulivyokuwa tukipiga alizeti uani, turubai limetandikwa, vumbi linaingia mpaka masikioni? Wewe ulikuwa unapiga huku unaimba, yeye anapiga amenuna. Ukawa unamwambia, "Dada, hiyo ni alizeti, siyo mume wako." Naye anakutishia kwa fimbo, halafu wote wawili mnaishia kucheka na kazi inasimama. Mimi nilikuwa nakaa katikati yenu nikipepeta, na nilijiona nina mama wawili. Wewe ndiye uliyenisuka kwa ajili ya kipaimara. Wewe ndiye uliyekuwa ukinifichia ukoko wa ugali kwako, kwa kuwa kwetu kaka zangu walikuwa wanaukomba bila huruma. Nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa michongoma tu, na ua wenyewe ulikuwa na tundu ambalo mimi nililitoboa kwa kupitapita.

Sasa niseme lile ambalo nimelikwepa miaka mitatu.

Siku ile mchwa walikuwa wameanza kupanda kwenye mwimo wa mlango wetu. Nilikuwa nimebeba ndoo, naenda kisimani. Nikakuita kwenye tundu la ua nikakwambia, "Mama Mdogo, naomba uninyunyizie majivu pale mlangoni, mchwa watatumalizia mlango." Ukaja, ukachota majivu kwenye jiko letu, ukamwaga kizingitini kama anavyofanya kila mwanamke wa huku. Asubuhi yake Mama akatoka kitandani, akakanyaga chini, akapiga yowe. Akachechemea mpaka mlangoni, akaona majivu kizingitini. Akauliza, "Nani kamwaga hivi?" Nikajibu, "Mama Mdogo."

Basi. Niliishia hapo. Sikusema kwamba ni mimi niliyekuomba.

Mwanzoni nilidhani ni jambo dogo. Halafu mganga akaja, akatazama mguu, akasema mgonjwa amekanyaga kitu alichotegewa na mtu wa damu yake. Akamchanja chale kisiginoni, akanyonya kwa pembe, akatoa kitu cheupe kama mwiba wa samaki na kutuonyesha. Watu wakaguna. Wakati huo ningefungua mdomo ningeonekana namtetea mchawi, au mimi mwenyewe ndiye mchawi. Niliogopa, Mama Mdogo. Sina neno zuri zaidi ya hilo.

Mama akakusimamisha pale uani siku ya kupiga alizeti, majirani wamejaa, akakwambia, "Toa ulichozika mlangoni kwangu." Wewe hukupandisha sauti. Ulisema, "Dada, majivu ni majivu." Kisha ukanitazama mimi. Nikainamia ungo wangu. Wiki ile ile ukafunga mizigo ukaenda Ulemo kwa binti yako, na tangu hapo hujapokea simu ya mtu yeyote wa nyumba yetu. Sikulaumu hata kidogo.

Mwiba ulitolewa, mchawi alihama, na kisigino kikaendelea kuuma. Hapo tu tungejiongeza, lakini wapi! Tukasema dawa yako ni kali.

Nikaja kukaa Mwankoko, karibu na mjini, nikawa napikia mafundi wanaojenga nyumba. Kutwa nzima nimesimama kwenye sakafu ya saruji, na ndala zangu zimeisha mpaka unahisi kokoto kupitia soli. Asubuhi moja naweka mguu chini, mama yangu weee! Kama msumari umeingia kisiginoni. Nikakaa tena kitandani nikaanza kuhesabu maadui. Nikamfikiria mwenzangu tunayegombea naye wateja, nikamfikiria mke wa mwenye nyumba. Halafu nikatazama mlangoni. Hapakuwa na majivu, na wewe ulikuwa Ulemo. Nikajiuliza, kama mimi naumwa vilevile na hakuna aliyenimwagia kitu, je, Mama?

Nikaenda hospitali mjini. Nikapelekwa kwa dada mmoja wa mazoezi ya viungo, mcheshi lakini mkali. Akaniuliza, "Inauma zaidi hatua za kwanza asubuhi?" Nikasema ndiyo. "Ukitembea kidogo inapoa, jioni inarudi? Na ukikaa muda mrefu ukainuka, inauma tena?" Nikamuuliza kama ni mpiga ramli. Akacheka, akaniambia watu wa namna yangu wanamjia kila wiki. Akaniminya chini ya kisigino, upande wa ndani, nikaruka.

Akanieleza kwamba chini ya unyayo kuna mkanda mgumu, unaanzia kisiginoni unafika kwenye vidole, na ndio unaoshikilia ule upinde wa mguu. Ukisimama kutwa kwenye sakafu ngumu na viatu visivyo na soli, na mwili nao umeongezeka, mkanda unavutika mpaka unachubuka pale unaposhikia kisigino. Ukilala unajikunja. Asubuhi ukiukanyagia ghafla, unavutwa tena kabla haujalegea, ndiyo maana unapiga yowe. Hakuna mwiba na hakuna mtu. Akachukua ndala zangu kwa vidole viwili akauliza, "Hizi ni viatu au ni karatasi?"

Mazoezi yakanisaidia mimi, ndipo nikarudi Mgori kumchukua Mama. Alinikatalia siku mbili nzima. "Hospitali watajua nini kuhusu mambo ya kutegewa?" Nikamwambia mimi pia natembea, twende, wakishindwa nitamrudisha kwa mganga mwenyewe. Akakubali ili anikomeshe.

Yule dada alipoona zile chale akasikitika. Kwanza akampima sukari, akamwambia, "Mama, shukuru Mungu huna sukari. Ungekuwa nayo, jeraha la wembe kwenye kisigino lingeweza kukupotezea mguu." Akamuuliza kama ana ganzi, kama mguu umewahi kuvimba au kupata joto, kama kuna homa, maana hayo yangekuwa mambo mengine ya kuonwa haraka na daktari. Mama akajibu hapana kwa yote. Picha ikapigwa, kukaonekana kijifupa kidogo kimechomoza kwenye kisigino. Mama akaruka, "Si huo! Mwiba wenyewe huo!" Dada wa watu akamtuliza kwamba wengi wanacho na wala hawaumwi, kikae tu, siyo shida yetu.

Kisha akauliza swali ambalo hakujua uzito wake. "Yalianza lini haya maumivu?"

Mama akafikiri. Akasema, "Tulipoanza msimu wa kukamua mafuta." Unakumbuka alivyokuwa akisimama kwenye mashine ya kukamulia alizeti kutoka asubuhi mpaka jioni, na ndala zilizokwisha kama zangu? Nikamkatisha, "Mama, si ulianza siku ya majivu?" Akasema, "Siku ile ndiyo ilizidi. Lakini ilikuwa inaniuma asubuhi asubuhi, nikawa navumilia." Nikahesabu kwa vidole. Miezi miwili kabla hujashika lile jivu, Mama Mdogo. Miezi miwili!

Tulipotoka tukakaa kwenye benchi la nje. Nikaona nisiposema leo nitakufa nalo. Nikamwambia, "Mama, majivu yale nilimwomba mimi. Mimi ndiye niliyemtuma." Hakunipiga wala hakunitukana. Nilitamani anipige. Mwishowe akasema, "Nimemfukuza mtoto wa mama yangu kwa sababu ya ndala." Akajifunika khanga usoni, akalia kama amefiwa. Nami nikalia, watu wanapita wakidhani tumepokea maiti.

Basi nikarudi kukaa naye Mgori, tukaanza kazi. Kila asubuhi kabla hajashuka kitandani, anapitisha khanga kwenye vidole na kuvuta unyayo kuelekea kwake, taratibu, anahesabu mpaka thelathini, anarudia. Kisha anasimama mbele ya ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, anausukuma ukuta mpaka shavu la mguu livutike. Jirani mmoja akaja kunong'ona, "Bibi ana nini, mbona anasukuma nyumba?" Mama akamjibu kutoka ndani, "Naihamishia kwako!" Barafu tunaomba dukani kwenye friza, imeganda kwenye chupa ya maji, anaiviringisha chini ya unyayo kwa dakika kumi. Ndala tulizitupa, siku hizi anavaa raba zenye soli nene hata akiwa uani. Dawa ya maumivu alipewa ya siku chache tu. Kwenye mashine ya alizeti sasa anafanya kazi amekalia kiti.

Haikuwa wiki moja. Mwezi wa kwanza alinilaani. Mwezi wa pili akasema, "Leo asubuhi imeuma kidogo." Mwezi wa nne nikamsikia anashuka kitandani bila kuguna, nikatoka mbio jikoni na mwiko mkononi. Akasimama pale katikati ya chumba, akakanyaga kushoto, akakanyaga kulia, akakanyaga tena kwa nguvu. Akapiga kigelegele peke yake! Mtaa mzima walidhani kumezaliwa mtoto. Mwezi wa sita akacheza kwenye harusi mpaka bibi harusi akamwachia uwanja.

Na siku ile aliyotoka harusini ndiyo aliyoniambia niandike.

Jumapili, baada ya mimi kusoma, alisimama mwenyewe mbele ya jumuiya. Akasema jina lako lote, akasema hukumfanyia kitu, akasema aliyekosa ni yeye na mwanawe. Mwenyekiti wa jumuiya akapendekeza wachaguliwe wazee wawili waje Ulemo na mbuzi kukuomba msamaha, kama ilivyo desturi. Wote wakaitikia, ni sawa. Mama akakataa. Akasema, "Wazee wanatumwa na mtu asiyeweza kwenda. Mimi nimepona."

Anakuja, Mama Mdogo. Jumamosi atapanda basi, na pale njia ya kwako inapochepuka kutoka barabarani atashuka atembee, ingawa nimemwambia kuna bodaboda. Mimi nitakuwa nyuma yake na mbuzi. Hatukuombi ujibu wala usamehe kabla hatujafika. Nami nitapiga magoti yangu pale pale, sitainamia ungo tena.

Na ukiona bado una hasira, ni haki yako, funga mlango. Dada yako amesema atasimama nje mpaka ufungue. Siku hizi anaweza kusimama.

Ni mimi mwanao,
mtoto wa dada yako, niliyekutuma majivu nikanyamaza.