Mke wa Mshtakiwa

Jumanne, 4 Machi 2025

Jana polisi walimwita mtuhumiwa. Leo kasomewa shtaka, sasa ni mshtakiwa. Mume wangu Rwehumbiza! Kosa: kumsababishia madhara makubwa Luhaga, mlinzi wa karakana yetu ya Igoma. Mume wangu alidhani Luhaga kaiba mashine ya kuchomelea. Mahakamani amekana – eti Luhaga aliteleza, akaangukia vyuma. Nilikuwa mlangoni. Niliona nondo mkononi mwa mume wangu. Dhamana imekubaliwa, sharti asiwaingilie mashahidi. Tumerudi nyumbani Nyegezi.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya misa, mama mkwe kasema twende sisi wawili, bila Rwehumbiza, Buswelu kwa Luhaga kuomba radhi. Kwetu Bukoba huendi kwa uliyemkosea mikono mitupu. Tukabeba mkungu wa ndizi na kahawa ya kutafuna. Luhaga ni Msukuma. Kahawa aliishika tu kiganjani, hakujua aifanyie nini. Jicho la kushoto halitaona tena, daktari kamwambia. Mama akaomba amani bila kutaja kosa lolote, wazee wetu ndivyo wafanyavyo. Mimi ndiye niliyeropoka! Kaka Luhaga, tusamehe, nilikuwepo, niliona kwa macho yangu. Mkewe akaacha kupepeta mchele, akaniangalia. Njiani mama alitangulia peke yake.

Jumatano, 11 Juni

Wito wa mahakama umefika. Shahidi wa upande wa Jamhuri – mimi! Mke wa Luhaga aliwaambia polisi nilichosema. Rwehumbiza kasema nimemuuza, tena nimepeleka na ndizi juu. Baadaye wakili wake kapiga simu: tusihangaike, sheria haimlazimishi mke kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Hakimu ataniuliza, nitakataa, yameisha. Mama akashukuru Mungu kwa sauti. Mimi nikatoka kuanua nguo.

Jumatatu, 16 Juni

Nimepanda kizimbani. Hakimu, mwanamke mwenye sauti ya upole, kanieleza taratibu: nina hiari. Nikikubali, nitajibu yote, hata yatakayomuumiza mume wangu. Nachagua nini?

Nilikuwa na jibu. Sitaki, mheshimiwa. Nimelirudia tangu Jumatano, hata nikioga. Mama alikaa benchi la mbele na rozari yake. Luhaga alikuwa pembeni, upande wake wa kushoto kwangu – akageuza shingo nzima ili anione.

Nikasema: Nitatoa ushahidi.

Mama akaangua kilio. Rwehumbiza hakuinua kichwa. Wakili akaruka na pingamizi, wakabishana na mwendesha mashtaka mpaka nikachoka kusimama. Hakimu kaahirisha, atatoa uamuzi kesho asubuhi. Kanionya nisizungumze na yeyote kuhusu kesi hii. Na yeyote! Na Rwehumbiza, hakimu kamkumbusha sharti la dhamana: asiwaingilie mashahidi. Sasa sisi tunaishi wapi, kama si nyumba moja?

Nampenda. Hakuna asomaye humu, acha niseme: nampenda, na leo namwogopa.

Nimepika samaki. Mama kajifungia chumbani, hataki kula. Jua bado halijazama. Geti limefunguliwa – ni yeye. Ananawa mikono pale nje, taratibu, kama siku zote. Sasa ananiita kwa jina langu la nyumbani, lile la kunibembeleza.

Nimeitika: abee.