Hodi kwenye nyumba ya maonyesho

Malindi, Jumapili usiku, Agosti 1986

Nimejiaibisha, mtu mzima mimi! Pale kwenye makumbusho madogo wamejenga nyumba ya makuti ya kizamani, ndani wameweka kitanda cha kamba, mtungi na kinu. Nami nilipofika mlangoni nikavua viatu, nikapiga hodi.

Mama anayekata tiketi alicheka mpaka akashika mbavu. "Karibu, mwanangu, pita ndani. Wenyewe hawapo."

Nilikasirika, nikaondoka bila kuaga.

Sasa nimefungua kufuli la chumba changu, nimewasha taa, na hasira zimeniisha. Tangu nihamishiwe huku kikazi kutoka Machakos, hakuna aliyewahi kuniambia karibu mlangoni. Wa kwanza ni yule mama, tena kwenye nyumba isiyo na mtu.