Faiba Aliyoivuta Baba

Jumatatu, 4 Machi

Nimechoka hadi kope. Swichi mpya za mtandao kiwandani hazielewani kabisa na ile faiba ya zamani, kebo inayobeba data kwa mwanga. Ghala linapata mwanga kutoka ofisini, safi. Mwanga wa kutoka ghalani kuja ofisini — hamna! Upande mmoja tu, jamani. Nimefuta ncha, nimebadilisha vifaa, wapi! Bosi kasema wiki hii ikiisha bila jibu, kebo yote inang'olewa. Kebo ile aliivuta baba yangu mzazi, mimi bado niko shule ya msingi.

Jumanne, 5 Machi

Nimepitia kwa wazazi. "Shikamoo baba." Kalala kitandani. Anaangalia ukuta. Mama kasema nisijali, leo na yeye kaitwa "dada wa jikoni". Tukacheka, halafu mama akageuka kujifuta macho.

Nikaanza kulalamikia kazi. Ghala, ofisi, upande mmoja. Baba akageuka. Akaketi! "Umekagua maungio?" Nusura nianguke kwenye stuli.

Eti kebo iliwaishia njiani, stoo wakampa nyingine. Zote rangi ya chungwa, ila uzi wa kioo ndani yake — mmoja mwembamba, mwingine mnene. Mwanga ukitoka kwenye mwembamba kuingia mnene, unapita. Ukirudi, unamwagika pale pale. Mashine za zamani zilivumilia. Maungio yako juu ya dari, choo cha wanaume.

Kisha akanitazama. "Binti, we fundi wako nani?"

Nikasema, wewe. Akacheka sana. Hajawahi kufundisha msichana, anasema. Nimelia njia nzima.

Jumatano, 6 Machi

Buibui, vumbi, na maungio — pale pale aliposema! Namba za unene wa uzi zilizochapwa kwenye ganda zinatofautiana, hamsini huku, sitini na mbili na nusu kule. Mzee wangu huyo! Nimevuta kipande kipya cha uzi mwembamba kutoka pale hadi ghalani. Mwanga unakwenda na kurudi. Upande wa ofisini umebaki wa baba. Bosi kaja kuona kule chooni, kakubali, huku kaziba pua.

Nikakimbia kumwambia, na ovaroli langu chafu. "Fundi!" akaita baba, uso ukamchanua. Tumepiga soga za kebo mpaka chai ikapoa. Halafu ulimi ukaniponza, nikamwita baba. Akanywea. "Baba yako ndiye nani?" Akageukia ukuta.

Mama kanuna, eti namdanganya mgonjwa. Namdanganya nini? Fundi si ndiye mimi? Ila nataka anijue. Hata mara moja tu, Mungu wangu.

Ijumaa, 8 Machi

Naandikia hapa hapa sebuleni kwao. Mama yuko duka la dawa. Nimekuja na ovaroli makusudi. Baba kachangamka, kauliza habari za ghala, kanitania mikono yangu laini.

Ghafla kainuka, anatafuta viatu. "Fundi, nimechelewa. Nina binti yangu nyumbani, mdogo, halali mpaka anione. Nisindikize."

Nyumbani ndipo hapa! Nikamwambia akae kidogo. Hataki. Kaninyooshea mguu, nikamfunga kamba za viatu. Nikamuuliza, huyo binti yukoje? "Msumbufu huyo! Kila kitu anauliza. Ndiye roho yangu."

Simu ya mama haipokelewi. Nimemwambia baba namalizia ripoti ya kazi. Kasimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, hataki kunikatiza.

"Andika tu, fundi. Ila mtoto ananingoja."